Karura ina nafasi ya mtoto na ya mbwa, kamba ikishikwa

Kwa Mhariri,

Jumapili asubuhi, malango ya Msitu wa Karura hapa Nairobi hupokea wazazi waliobeba mikeka, chai na watoto wenye hamu ya kukimbia, na hupokea pia wenye mbwa. Kuna wanaotaka mbwa wapigwe marufuku kabisa ili watoto wawe huru. Kuna nao wenye mbwa wanaoona kwamba msitu ni mkubwa, kwa hiyo hakuna ubaya mnyama akifunguliwa kidogo. Naomba nafasi gazetini niwajibu wote wawili. Karura inaweza kuwatosha watoto na mbwa pamoja, lakini kazi kubwa ni ya mwenye mbwa, na sehemu kubwa ya kazi hiyo hufanyika nyumbani kabla ya kutoka.

Kwanza tukumbuke ni mahali gani tunapopazungumzia. Karura ilitangazwa rasmi kuwa msitu wa serikali mwaka 1932. Ina zaidi ya hekta 1,000 ndani ya jiji, na haingekuwepo leo kama Wangari Maathai na wenzake hawangesimama kidete dhidi ya wanyakuzi wa ardhi. Tarehe 8 Januari 1999 walipigwa na kujeruhiwa pale langoni kwa sababu ya kutaka kupanda miti. Msitu uko chini ya Shirika la Huduma za Misitu nchini (KFS), na wananchi wamekuwa wakishiriki kuutunza kupitia chama cha jamii cha marafiki wa msitu. Kuwa chini ya KFS kuna maana kwa mwenye mbwa. Mbuga za wanyama zilizo chini ya Shirika la Huduma kwa Wanyamapori (KWS) haziruhusu mbwa wa nyumbani kuingia. Karura inaruhusu, kwa sharti kwamba mbwa awe kwenye kamba muda wote. Hiyo ni fadhila, na inaweza kuondolewa.

Basi nianze na kamba, maana ndiyo inayopuuzwa zaidi.

Kamba inayofaa ina urefu wa mita moja na nusu hadi mbili, ya kitambaa imara au ngozi, na ndoano yake ni ya chuma. Ile kamba ya kujikunja ndani ya kibweta cha plastiki, inayorefuka hadi mita tano au nane, haifai kwenye njia yenye watoto na baiskeli. Mbwa akiwa mita tano mbele yako tayari amekwisha kumfikia mtoto kabla hujabonyeza kitufe. Uzi wake mwembamba ukimzunguka mtu mguuni unachana ngozi, na kibweta kikikuponyoka mkononi kinaburuzwa chini kwa kishindo, mbwa anazidi kutimua mbio akidhani anafukuzwa. Mbwa anayevuta sana avalishwe mshipi wa kifuani wenye pete ya mbele, kwenye mfupa wa kidari. Akivuta, mshipi unamgeuza upande badala ya kumkaba koo. Mkanda wa shingo uache nafasi ya vidole viwili. Ukilegea zaidi ya hapo, mbwa aliyeshtuka hurudi nyuma, akachomoa kichwa na kuondoka. Mbwa hupotea msituni kwa namna hiyo, huku mwenyewe amebaki na kamba mkononi.

Kamba isifungwe kwenye kigari cha mtoto wala isizungushwe kwenye kifundo cha mkono. Wala asipewe mtoto ashike. Mbwa wa kilo thelathini akimwona kima atamwangusha mtoto wa kilo ishirini na tano bila hata kutambua kwamba amemvuta. Mtoto anayetaka kushiriki apewe kamba ya pili iliyofungwa kwenye mshipi uleule, huku mzazi akishika ile ya kwanza.

Na kwa nini kamba hata pale ambapo hakuna mtu? Kwa sababu Karura ina wenyeji wake: pongo, funo na paa wadogo, kima, mbega waliorudishwa humo baada ya kutoweka, kanu na nguchiro. Mbwa hahitaji kumkamata paa ili amuue. Mnyama yule akifukuzwa kwa hofu, misuli yake huharibika kwa mbio na mshtuko, akafa saa chache au siku kadhaa baadaye mahali ambapo hakuna atakayemwona. Tena msitu umezungushiwa uzio wa umeme, kwa hiyo anayekimbizwa hana pa kutokea. Mwenye mbwa anarudi nyumbani akisema mbwa wake "alicheza tu". Upande wa pili, kima dume ana meno marefu kuliko mbwa wengi wa ukubwa wake, na mbwa anayemvamia hurudi na jeraha la kushonwa.

Nataka kukaa kidogo kwenye jambo ambalo sijaona likiandikwa. Mbwa wengi wa Nairobi ni mbwa wa ulinzi. Mchana wamefungiwa kibandani nyuma ya nyumba, usiku wanafunguliwa, na langoni kuna bango la "Mbwa Kali". Mnyama wa namna hii tangu azaliwe amefundishwa neno moja: anayekuja ni adui. Hajawahi kuona baiskeli ikipita kasi, mtoto akipiga mayowe ya furaha, puto, mwavuli au mbwa mwingine uso kwa uso. Siku ya sikukuu familia inampakia garini na kumteremsha katikati ya watu mia mbili. Akibweka na kuruka, watu wanasema ni mbwa mbaya. Si mbaya. Ameletwa kwenye mtihani ambao hakufundishwa.

Mbwa kama huyo huandaliwa kwa wiki tatu hadi sita, na wengine huhitaji miezi. Wiki ya kwanza usiende popote. Mvalishe mshipi na kamba ndani ya ua, dakika kumi asubuhi na kumi jioni, mkitembea na kusimama. Kila anapolegeza kamba na kukutazama, mpe kipande kidogo cha ini lililochemshwa, ukubwa wa punje ya hindi. Mfundishe maneno matatu kwa lugha moja ambayo nyumba nzima itaitumia: kaa, njoo, acha. Baba akisema kwa Kiingereza, mama kwa Kiswahili na mlinzi kwa Kikuyu, mbwa hatashika hata moja. Wiki ya pili mtoe nje ya lango saa kumi na mbili asubuhi kabla barabara haijachangamka. Wiki ya tatu msogeze mahali anapoweza kuwaona watu kwa mbali, tuseme mita hamsini, na ukae naye hapo akiangalia huku akipokea ini. Kipimo ni chakula: mbwa akikataa chakula anachokipenda, ana hofu au hasira, maana yake umesogea karibu mno. Rudi nyuma mita ishirini. Usimpige wala usimvute kwa nguvu kumwelekea anachokiogopa, kwa sababu atajifunza kwamba watoto wakionekana, maumivu yanafuata.

Akishafika mahali anapoweza kukaa mita tano kutoka kwa wageni bila kukaza mwili, ndipo umlete Karura, siku ya kazi, asubuhi na mapema, kwa nusu saa tu. Jumapili ije baadaye. Wako mbwa ambao hawatafika hapo kamwe, hasa waliofungwa mnyororo tangu wakiwa wadogo. Hao watembezwe barabarani alfajiri karibu na nyumbani na waachwe wawe walinzi. Kumpenda mbwa ni pamoja na kukubali hivyo alivyo.

Naye mtoto wa mbwa asiletwe hadi amalize chanjo zake, yaani akiwa na umri wa wiki kumi na sita hivi pamoja na wiki moja au mbili za kungoja kinga ikae. Kirusi cha pavo hudumu ardhini miezi mingi, hata mwaka, na hakionekani. Kibwa kikinusa mahali alipoharisha mbwa mgonjwa mwezi uliopita, siku tano baadaye kinaweza kutapika na kuharisha damu.

Chanjo ya kichaa cha mbwa nayo haina mjadala. Hutolewa mbwa akitimiza miezi mitatu, hurudiwa mwaka unaofuata, kisha kila mwaka kama daktari wa mifugo anavyoelekeza. Beba cheti, au piga picha yake uihifadhi kwenye simu. Mbwa wako akimkwaruza mtu, karatasi hiyo ndiyo itakayotuliza mambo. Chanjo nyingine ambayo watu huiacha ni ya distempa. Ugonjwa huo huhama kutoka kwa mbwa kwenda kwa wanyamapori walao nyama: mwaka 1994 uliua takriban theluthi moja ya simba wa Serengeti. Karura haina simba, lakini wako wadogo walao nyama ambao hawana daktari.

Sasa kinyesi, ambacho watu huona aibu kukitaja ilhali ndicho kinacholeta chuki nyingi kuliko kubweka.

Kinyesi cha mbwa si samadi ya ng'ombe. Ng'ombe anakula majani. Mbwa anakula nyama, na tumboni mwake mara nyingi mna minyoo inayoweza kumpata mtoto wa binadamu. Minyoo mikubwa ya mbwa hutaga makumi ya maelfu ya mayai kwa siku. Mayai hayo yakitoka hayawezi kuambukiza siku hiyo: huhitaji wiki mbili hadi nne ardhini ili yakomae, na yakishakomaa hudumu miaka. Hapa ndipo watu wengi wanapokosea. Wanaogopa kinyesi kibichi na kudhani kilichokauka na kupotea hakina neno. Ni kinyume. Kinyesi kilichookotwa siku ileile kinaondoka na hatari yake yote ya minyoo hiyo, na kilichooza kimeacha mayai kwenye udongo ambao mtoto wa miaka mitatu ataufinyanga na kulamba vidole. Buu la mnyoo likipotea mwilini mwa mtoto linaweza kufika ini, mapafu, hata jicho na kuharibu uoni. Safura ya mbwa huenda haraka zaidi: mabuu yake huwa tayari kwa muda wa wiki moja, hupenya ngozi ya mguu mtupu na kuchora mistari myekundu inayowasha na kusogea kila siku.

Kwa hiyo mambo mawili. Mbwa apewe dawa ya minyoo: mtoto wa mbwa kila wiki mbili tangu wiki ya pili hadi ya kumi na mbili, halafu kila mwezi mpaka miezi sita, na mkubwa kila miezi mitatu. Kipimo hufuata uzito, basi mpime. Kukisia kwa macho ndiko kunakofanya dawa isifanye kazi. La pili, okota.

Wengi wanasema wataokota kwa kitu gani, maana mifuko ya plastiki ya kubebea ilipigwa marufuku nchini tarehe 28 Agosti 2017, na tangu 5 Juni 2020 plastiki za kutumika mara moja haziruhusiwi katika misitu na hifadhi. Sheria hizo ni nzuri na jibu lipo, tena mkononi mwa msomaji huyu. Chukua kurasa mbili za gazeti la jana. Ya kwanza ikunje mara nne iwe kama kiganja cha karatasi, ya pili itandaze chini. Okota kwa ya kwanza, weka juu ya ya pili pamoja na ile ya kuokotea, kunja kama mwuza njugu anavyofunga, kisha tia ndani ya kopo la maziwa ya unga lenye kifuniko, ulilotia karatasi kidogo chini. Kopo moja la kilo moja hutosha matembezi ya mbwa wawili, halivuji wala halinuki ndani ya mkoba. Mbwa mwenye mazoea ya kuchuchumaa mahali pamoja unaweza kumtelezeshea karatasi chini kabla hajamaliza, na kazi inakuwa rahisi zaidi. Akiharisha, karatasi haitoshi: beba kijiko kidogo cha bustani, chota pamoja na udongo wa sentimita mbili chini yake. Na mbwa anayeharisha angebaki nyumbani kwanza.

Ukifika nyumbani, mwaga kinyesi chooni na karatasi uitupe kwenye taka. Usikizike kwenye shamba la sukuma wiki, wala usikitie kwenye lundo la mboji ukidhani kitaiva. Lundo la nyumbani kwa kawaida halipati joto la kuua mayai ya minyoo. Na tafadhali usikifunge vizuri halafu ukaning'iniza kifurushi kwenye tawi ukisema utakichukua ukirudi. Kima watakifungua kabla yako.

Mzazi naye ana sehemu yake, ingawa ni fupi. Mtoto afundishwe nyumbani, akiwa ametulia, maana mbele ya mbwa hakuna wakati wa kueleza. Amwombe mwenye mbwa ruhusa kabla ya kugusa, na akikataliwa aseme asante na kuendelea na njia. Akikubaliwa, asimame ubavuni, aache mbwa amnuse kwanza, kisha amkune kifuani au chini ya kidevu. Mkono unaoshuka juu ya kichwa humtisha hata mbwa mpole. Asimkumbatie, asimwendee akila au akilala, asimtazame machoni. Mkia kutikisika si ishara ya urafiki kila mara. Mkia uliosimama wima na kutikisika kwa kasi huku mwili umekakamaa ni onyo. Vivyo hivyo mbwa anayepiga miayo bila usingizi, anayejilamba midomo, anayegeuza kichwa huku weupe wa jicho ukionekana, au aliyeganda ghafla. Kuganda ndiko kunakotangulia kuuma.

Mbwa asiyemjua akimjia mbio, mtoto asikimbie. Asimame kama mti: miguu pamoja, mikono mwilini, macho chini, kimya. Akiangushwa ajikunje kama jiwe, uso chini, vidole vimefumbatana nyuma ya shingo. Cheza mchezo huu sebuleni mara tano, mtoto wa miaka minne ataushika. Mbwa hufukuza kinachokimbia na kuchoshwa na kilichosimama.

Ikitokea akaumwa au kukwaruzwa hadi damu, muda ndio dawa. Osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika kumi na tano kamili kwa saa, si kwa kukisia, kisha paka ayodini ikiwepo na uende hospitali siku hiyohiyo. Usipake pilipili, tumbaku wala majani. Usikubali jeraha lishonwe haraka kabla ya suala la kichaa cha mbwa kushughulikiwa. Sindano ya kwanza ni siku hiyo, ya pili siku ya tatu, ya tatu siku ya saba, na nyingine kwa ratiba atakayokupa mhudumu. Jeraha la kutoa damu huhitaji pia dawa ya kinga inayodungwa kuzunguka kidonda. Mbwa asiuawe. Afungiwe na kuangaliwa siku kumi, maana akiwa mzima baada ya hapo hakuwa na kichaa siku alipouma. Dalili za ugonjwa huu zikishamtokea binadamu, karibu kila mara huishia kifo, na ndiyo sababu mkwaruzo mdogo hausubiri kesho.

Kuna jambo la heshima ambalo sheria za langoni haziwezi kuliandika. Ndugu zetu Waislamu wengi wa ukanda huu hufuata madhehebu ya Shafi, na kwao mate ya mbwa ni najisi: nguo au ngozi iliyoguswa huoshwa mara saba, moja kati ya hizo kwa udongo. Mama aliyevaa buibui akikuona na mbwa akasogea kando, hajakutukana. Anajiepusha na usumbufu mkubwa wa siku nzima. Fupisha kamba hadi nusu mita, mweke mbwa upande wako wa mbali, msalimie, upite. Hali ni hiyohiyo kwa mtu aliyewahi kuumwa utotoni. Neno "haumi huyu" halimsaidii yeyote. Linalosaidia ni kuona mkono wako umeifupisha kamba.

Njiani tembea ukingo wa kushoto, mbwa akiwa kushoto kwako, ili mwili wako uwe baina yake na wanaopita. Baiskeli ikija nyuma, simama, mwambie mbwa akae, iache ipite. Mwendesha baiskeli apige kengele akiwa mbali, mita ishirini hivi, apunguze mwendo. Kengele inayolia mgongoni mwa mbwa ndiyo inayomrusha. Familia zinapokula, pita mbali na mikeka mita kumi au zaidi. Na mbwa asifungwe kwenye mti ukaenda kupiga picha: mbwa aliyefungwa peke yake hujiona amezingirwa na huuma upesi kuliko aliye mkononi mwa mtu wake.

Chakula cha matembezi kina hatari ambazo watu hawazifikirii. Mifupa ya kuku iliyopikwa huvunjika kama vigae na kutoboa utumbo. Gunzi la hindi choma, kokwa ya embe na mbegu ya parachichi humezwa nzima, zikakwama, na mara nyingi mbwa huokolewa kwa upasuaji tu. Chokoleti, zabibu na vitunguu ni sumu kwake, na zaidi ya vyote bazoka na peremende zisizo na sukari, zenye kiungo kinachoitwa zailitoli: kiasi kidogo hushusha sukari ya mbwa ndani ya nusu saa hadi akaanguka. Mtoto anayemwonea huruma mbwa na kumgawia anatenda wema bila kujua. Mwambie mapema.

Maji: mbwa huhitaji takriban mililita hamsini hadi sitini kwa kila kilo ya uzito kwa siku, na zaidi akitembea. Wa kilo ishirini mbebee nusu lita kwa saa moja ya matembezi, ndani ya chupa ya chuma, na bakuli dogo. Asinywe mtoni, wala watoto wasichezee maji hayo. Mito ya Karura hupita mitaani kabla ya kuingia msituni, na mkojo wa panya ukiwa majini huleta ugonjwa wa leptospira kwa mbwa na kwa watu. Nairobi ina baridi yake asubuhi, lakini usidanganyike: siku ya nyuzi 24, ndani ya gari lililofungwa hufika 34 kwa dakika kumi na 43 kwa nusu saa, na kuacha dirisha wazi kidogo hakubadilishi mambo. Mbwa anayehema kwa kelele, ulimi mwekundu sana, akipepesuka, mpeleke kivulini, mmwagie maji mwili mzima hasa tumboni na mapajani, mpepee, kisha umpeleke kwa daktari hata akionekana amepata nafuu.

Mkirudi, kagua kupe mbwa na watoto pia: nyuma ya masikio, kwapani, katikati ya vidole, chini ya mkia, mstari wa soksi. Kupe ashikwe kwa kibano karibu kabisa na ngozi, avutwe polepole moja kwa moja. Usitumie mafuta ya taa wala kiberiti: vinaweza kumfanya atapike ndani ya ngozi na kuongeza hatari ya ugonjwa. Mbwa akipata homa, fizi zikapauka au mkojo ukawa rangi ya chai ya rangi katika wiki mbili au tatu baadaye, usingoje. Msimu wa mvua tazama siafu. Mbwa akianza kurukaruka na kujing'ata nyayo, mtoe kwenye mstari wao kwanza, ndipo umtoe siafu mmojammoja.

Kwa wanaosimamia Karura, na kaunti zinazofikiria kufungua bustani za mitaa kwa mbwa, nina maombi machache. Wekeni masharti langoni kwa Kiswahili, kwa herufi ambazo dereva anaweza kuzisoma akiwa garini, yakitaja urefu wa kamba, kwa sababu "kamba" peke yake kila mtu anaitafsiri apendavyo. Wekeni bomba la maji langoni lenye beseni ya chini. Tengeni sehemu moja ya nyasi karibu na maegesho ambapo mbwa atajisaidia kabla ya kuingia ndani: mbwa aliyekaa garini nusu saa mara nyingi hujisaidia mara tu anaposhuka, basi dakika hizo za mwanzo zikiwa mahali maalumu penye kopo la taka, njia za ndani zitabaki safi. Kopo hilo liwe na kifuniko kizito chenye lachi ambayo kima hawezi kuifungua, na limwagwe Jumapili jioni, lisiachwe hadi Jumanne.

Msomaji na mfugaji wa mbwa,
Nairobi.